Mfungo wa Joto

Mtu aliyempokea Subilaga kituoni Itete alikuwa amevaa makoti mawili juu ya sweta, na jasho lilikuwa likimtiririka hadi kidevuni.

"Karibu sana, Msoma Sindano," alisema, akipuliza viganja vyake kana kwamba vimeganda. "Baridi ya mwaka huu, we acha tu."

"Tunaibeba," akaitikia Subilaga. Ndivyo watu wote wa sayari ya Ngosi walivyoitikia tangu Mfungo wa Joto ulipoanza, miaka kumi na moja iliyopita. Lakini alipomtazama yule bwana vizuri, alijisemea moyoni kwamba huyu habebi kitu. Alikuwa na mashavu ya mtu anayelala usingizi mzuri. Kandete, alikotoka Subilaga, mashavu ya namna hiyo yalishasahaulika. Hata Mwenyekiti wa baraza, ambaye zamani alikuwa pande la mtu, alikuwa amebaki mifupa na adabu.

Bwana huyo aliitwa Mwasomola, na ndiye aliyekuwa mlinzi wa Kisima cha Tatu. Alimbebea mgeni sanduku la vipimo hadi uwanjani. Njiani walipita kundi la watoto waliokuwa wakitetemeka, wote kwa pamoja, na Subilaga alipowapa mgongo wakaacha kutetemeka, pia kwa pamoja. Subilaga aliwahi kufundisha shule miaka mitatu. Kitu kilichofanyiwa mazoezi alikuwa akikijua akikiona.

Alifungua sanduku, akaisawazisha sindano, akangoja itulie.

Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kupima nguvu ya Ngao, Kandete peke yake miaka yote, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, katika miji yote mitano ya Ngosi. Ngao haikuonekana kwa macho. Ilikuwa nguvu ya sumaku iliyotoka tumboni mwa sayari na kuizunguka yote, ikiupitisha pembeni upepo mkali wa jua. Bila Ngao, upepo ule ungeichuna hewa ya Ngosi kidogo kidogo mpaka pasiwe na cha kuvuta. Sindano ilipoanza kushuka, wazee wa baraza walikaa wakafikiri, na walichofikiri kilikuwa na akili kabisa: Ngao inatoka kwenye moto wa tumbo la sayari, na sisi tumekuwa tukiuchota moto huo kwa visima vitano tangu mababu waje, basi tunaila Ngao yetu wenyewe. Visima vikafungwa, likaachwa tundu dogo tu. Kila nyumba ikaachiwa bomba moja la kupikia, saa moja kwa siku, na mengine yote yakapigwa lakiri, muhuri wa kuzuia yasifunguliwe. Watu wakahamia chumba kimoja kimoja, wakalala wamebanana, na waliokufa kwa baridi majina yao yakaandikwa ukutani kwenye jumba la baraza, chini ya neno Waliotukinga. Yalikuwa majina thelathini na moja, mengi ya watoto.

Sindano ya Kandete wiki iliyopita ilisoma ishirini na saba. Hapa Itete ilitulia kwenye arobaini na tatu.

Subilaga akaifunga, akaifungua, akapima upya. Arobaini na tatu. Akahamia upande wa pili wa uwanja, akapima mara ya tatu, na sindano ikang'ang'ania pale pale. Alipoinua uso alimkuta Mwasomola amekaa chini, makoti yote mawili ameyavua.

"Basi umetukamata," Mwasomola alisema. "Koki kuu iligoma kufunga tangu wiki ya kwanza, dada yangu. Tulileta mafundi wetu, ikagoma. Tukaona aibu kuandika kwamba Itete tumeshindwa, tukaandika imefungwa. Tukasema tutaripoti wiki ijayo." Akajifuta jasho kwa kiganja. "Wiki ijayo ikawa miaka kumi na moja. Joto tamu, huwezi kulikataa likiwa ndani ya nyumba. Wageni wakija tunavaa makoti."

"Na watoto mnawafundisha kutetemeka."

"Kipindi cha pili baada ya hesabu," alikiri. Kisha akaanza kulia, mtu mzima na mashavu yake. "Sisi ndio tunaoimaliza Ngao. Nikisikia jina limeongezwa ukutani, siku hiyo silali."

Subilaga angetaka kumkasirikia, na haki ya kumkasirikia alikuwa nayo kuliko watu wengi. Lakini macho yake yalikuwa bado kwenye sindano.

"Kama ninyi ndio mnaoila," alisema polepole, "mbona hapa ndipo ilipo nyingi?"

*

Kandete vikao vyote vilifanyika chini ya blanketi moja. Ilikuwa desturi iliyozaliwa na Mfungo: wanaokutana kwa shauri lolote hukaa benchi moja, bega kwa bega, blanketi juu ya magoti yao wote. Watu walisema imepunguza ugomvi, maana ni vigumu kumfokea mtu ambaye magoti yake yanakupasha moto. Siku hiyo Subilaga aliiona desturi hiyo ni adhabu. Habari aliyokuwa nayo ilitaka meza pana katikati, na hapakuwa na meza.

Mwenyekiti Anyosisye alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa na umri wa kumzaa, na ndiye aliyemfundisha kusoma sindano.

"Rudia hapo kwenye chuma," alisema.

"Tumboni mwa sayari kuna chuma kilichoyeyuka, Mwenyekiti. Sisi tulidhani moto wenyewe ndio Ngao. Siyo. Moto ungekaa pale miaka milioni na usizae kitu. Kinachozaa Ngao ni mwendo. Chuma cha chini kikipata moto kinakuwa chepesi, kinapanda. Kikifika juu kinaliachia joto lake kwenye mwamba, kinapoa, kinakuwa kizito, kinashuka. Kinapopanda na kushuka, sayari nayo inajizungusha na kukisokota. Chuma kinachotembea hivyo ndani ya sumaku kinazalisha umeme, na umeme huo unaizalisha upya ile sumaku. Inajilea yenyewe, mradi chuma kisisimame."

"Na kinasimama kwa nini?"

"Kikikosa pa kuliachia joto. Ngosi ni sayari ndogo, mwamba uliokifunika kile chuma ni mwembamba, na visima vyetu vinafika mpaka hapo. Visima vilikuwa vinaupoza ule mwamba. Tulipovifunga, mwamba ukapata moto, ukawa na moto karibu sawa na chuma chenyewe. Sasa chuma kina moto wa kutosha ila hakina pa kwenda. Kimekaa tu."

"Lakini sindano ilianza kushuka kabla hatujafunga, mwanangu. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Nimeangalia kumbukumbu. Miaka ile mabomba yalikuwa yameanza kuziba kwa chumvi. Visima vilikuwa vinatoa joto pungufu, na Ngao ikawa inapungua navyo. Dawa ilikuwa kuyasafisha mabomba." Akameza mate. "Tuliona mgonjwa anakosa pumzi, tukamziba pua."

Mzee alilivuta blanketi, akalikunja ukingo wake mara mbili.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi. Mwasomola anajua nusu."

Anyosisye alipiga hesabu kwa vidole juu ya blanketi. Aliyemjua kijuujuu angedhani anatafuta namna ya kujiokoa, maana Mfungo aliutangaza yeye. Subilaga alimjua zaidi ya hivyo, na hakudhani.

"Visima vifunguliwe kesho kutwa," mzee alisema mwishoni. "Hilo halina mjadala. Lakini tuseme Mfungo umekamilika. Tuseme tumbo la Ngosi limeshiba joto, na sasa tunaweza kuchota tena bila hofu. Joto litakalotoka litakuwa lile lile, tukisema kweli au tukisema uongo. Ngao itarudi vile vile. Ila watu thelathini na mmoja watakuwa wamekufa kwa ajili ya kitu."

"Na siku sindano ikishuka tena, sisi tukiwa hatupo?"

"Utaandika waraka. Tutauhifadhi."

"Watausoma wa nini, Mwenyekiti? Watakuwa wanajua dawa tayari. Mababu walifunga, sindano ikapanda. Watafunga tena. Safari hiyo pengine hakutakuwa na Itete ya kuwafichulia kosa."

"Mama yangu naye yumo kwenye ule ukuta," alisema Anyosisye. "Bomba la chumba chake nililipiga lakiri mimi, niwe mfano. Mimi nitaubeba ukweli huo, nilishazeeka. Lakini niambie, utamwambia nini Mama Lugano?"

Mzee akaandika ukurasa mmoja kwa mwandiko wake mzuri wa kiofisi, akaukunja, akamtilia mfukoni. Kwa desturi, habari za sindano alizitangaza msoma sindano mwenyewe. Ni yeye ambaye angesimama mbele ya watu kuusoma.

*

Mama Lugano, kwa jina lake mwenyewe Tupokigwe, alikuwa mpishi wa shule. Kesho yake saa ya bomba ilikuwa imefika, na alikuwa amebandika sufuria kubwa ya choroko juu ya bamba la moto, akizunguka jikoni kwa haraka ya mtu anayejua joto lake lina mwisho.

"Subi, kaa hapo karibu na bamba, umekauka kama kuni," alisema. "Itete walikulisha?"

"Walinilisha."

"Watu wazuri wale. Na baridi yao ilivyo kali, masikini."

Subilaga alijikaza asicheke, kisha akajikaza asilie. Miaka tisa iliyopita, katika mwaka wa pili wa Mfungo, mwanamke huyu alikuja mlangoni kwake na kumwomba amfungulie bomba la chumbani kwa usiku mmoja. Lugano, binti yake wa miaka sita, alikuwa na kichomi na hakuwa akipata joto. Lakiri ya nyumba ile alikuwa ameipiga Subilaga kwa mkono wake. Alimkatalia. Alimkatalia kwa upole, akamletea mablanketi yake mwenyewe, akakaa nao mpaka asubuhi, na mtoto akafa. Baada ya maziko Tupokigwe ndiye aliyekuja kumbembeleza yeye. Usijilaumu, alimwambia, mwanangu sasa yumo kwenye Ngao, anatukinga sote. Tangu hapo kila mwisho wa wiki alimpelekea Subilaga chakula. Subilaga alikuwa amekila chakula kile miaka tisa.

"Kesho kuna mkutano," alianza. "Nilitaka usikie kwangu kwanza. Mfungo umekamilika. Visima vinafunguliwa."

Tupokigwe aliuweka mwiko chini. Uso wake wote ulifunguka, na ulikuwa uso mzuri, Subilaga alikuwa amesahau.

"Imetosha? Kweli imetosha?"

"Tumbo limeshiba joto," alisema Subilaga, maneno ya ule ukurasa.

"Limeshiba." Tupokigwe akaushika tena mwiko, akakoroga mara mbili, halafu akatulia. Alikuwa mtu wa jikoni, na mambo ya moto hakuyapokea tu alivyoambiwa. "Limeshiba vipi? Maana moto ukiuacha tu, Subi, hauwi mwingi. Si tunauona? Ndani ya sufuria choroko zinapanda na kushuka kwa sababu chini kuna moto na juu kuna baridi. Nikitaka kuzituliza nafanyaje? Nafunika kwa bamba la moto juu pia, kama ninapopalia wali. Chini moto, juu moto. Kila kitu kinatulia, hakuna kinachopanda." Alisema hivyo bila nia, kama mtu anayeeleza kazi yake. "Sasa ninyi mlikuwa mnafanyaje huko chini?"

Subilaga alitazama choroko zikipanda katikati ya sufuria na kushuka pembeni. Siku nne alizipoteza kwa hesabu kulifikia jambo ambalo mwanamke huyu alilijua mikononi. Ukurasa ulikuwa mfukoni. Angeweza kusema ni mambo marefu, nitakueleza siku nyingine, na Tupokigwe angemwamini, kwa sababu alikuwa amemwamini siku zote, hata siku ambayo hakupaswa.

"Tulikuwa tunapalia," alisema.

Mwiko ulisimama.

"Ngao ni kule kupanda na kushuka, Mama Lugano. Visima ndivyo vilivyokuwa vinapoza juu. Tulipovifunga tukaweka bamba la moto. Itete hawakufunga, koki iligoma, wakatudanganya, na kwao Ngao ni nzima."

Subilaga aliona lile jambo likipita usoni mwa mwenzake hatua kwa hatua, na akajua mahali litakapofikia, na hakuwa na la kufanya ila kulisubiri naye.

"Kwa hiyo Lugano," alisema Tupokigwe.

"Hakumkinga mtu."

"Ungelifungua lile bomba."

"Ningelifungua, Ngao isingepungua. Pengine ingezidi, kwa kiasi kidogo." Alitaka kuongeza kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyejua, na ilikuwa kweli. Lakini aliona kuwa kwa maneno hayo angekuwa anajisaidia mwenyewe, akayaacha. "Nilikuja na uongo mfukoni. Mwenyekiti aliuandika kwa huruma. Nilidhani nitaweza."

Tupokigwe alizima bamba, ingawa saa ilikuwa bado haijaisha na choroko zilikuwa mbichi. Hakulia na hakupiga kelele.

"Nenda, Subilaga," alisema. Miaka tisa alikuwa hajamwita jina lake lote.

*

Jumba la baraza lilijaa tangu asubuhi, benchi kwa benchi, blanketi kwa blanketi. Familia za wale thelathini na mmoja zilikuwa mbele, kama ilivyokuwa heshima yao. Nafasi ya Tupokigwe ilikuwa tupu. Subilaga alisimama akiwa na ule ukurasa mkononi, na baridi ikamwingia miguuni. Alimwona Anyosisye akimtazama kwa macho ya kuomba. Mzee wa watu, alimpenda. Akaukunja ukurasa, akaurudisha mfukoni.

"Tulikosea," alisema.

Akaeleza yote, kwa maneno machache na bila kujificha: chuma, mwamba, chumvi kwenye mabomba, Itete. Alipotaja Itete watu wa nyuma walianza kunong'ona, na aliposema wale thelathini na mmoja hawakumkinga mtu, manong'ono yakawa sauti. Mwanamume mmoja wa benchi la mbele, Ambokile, aliyemzika baba yake mwaka uliopita, alisimama akalitupa blanketi.

"Unataka kusema baba yangu alikufa bure? Wewe uliyekuja kwetu na lakiri, leo unakuja kumfuta?"

"Simfuti, kaka."

"Ungenyamaza basi. Ungefungua visima ukanyamaza. Ungepungukiwa nini?"

Wengi waliitikia, na Subilaga aliona kwamba hawakuwa wabaya. Walikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki cha watu wao, naye alikuwa akikichukua mbele ya macho yao.

"Keti, Ambokile," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Tupokigwe alikuwa amevaa nguo yake ya kazi, na macho yake yalikuwa mekundu. Alipita katikati ya mabenchi, na walipomwinulia blanketi mbele hakukaa. Aligeuka akawatazama.

"Mimi nimeambiwa tangu jana," alisema. "Kwa hiyo nimewatangulia siku moja tu. Mwanangu aliitwa Lugano. Alikufa kwa baridi chumbani kwangu, na kulikuwa na joto nyuma ya ukuta. Hakuikinga Ngosi. Alikuwa na miaka sita, angeikinga kwa kitu gani? Jana nilitamani aliyeniambia angenyamaza. Nilitamani hivyo siku nzima. Halafu nikafikiri kuhusu mwanamke mmoja ambaye bado hajazaliwa, ana mtoto mgonjwa, anakwenda kumwomba mtu amfungulie bomba. Na yule mtu anamwambia, mama, vumilia, mababu zetu walivumilia, Ngao ikarudi. Anamtajia jina la mwanangu. Jina la Lugano ndilo linalomnyima yule mtoto joto." Sauti yake ilitaka kukatika, akaivuta. "Hilo sitaki. Yaandikwe kama yalivyo. Kila aliyefiwa mwenye nguvu mikononi anifuate kisimani."

Akatoka. Kwanza mama mmoja alimfuata, halafu wawili, halafu benchi la mbele lote, na Ambokile akiwa wa mwisho wao, akilia waziwazi. Anyosisye alibaki ameketi, akajifunika uso kwa blanketi, mpaka jirani yake alipomshika mkono na kumwinua.

Kisima cha Kwanza kilikuwa nyuma ya jumba. Subilaga aliivunja lakiri aliyoipiga mwenyewe, na gurudumu la koki lilihitaji watu sita kuligeuza. Kwa muda hapakuwa na kitu. Mtu mmoja akauliza sindano itapanda lini, na Subilaga akasema itachukua miaka, pengine kumi na tano, chuma hakiamki kwa siku moja. Ndipo bomba kubwa likaanza kugonga kwa ndani, na watu wakarudi nyuma.

Tupokigwe hakurudi. Aliweka kiganja chake juu ya bomba, akakiacha pale.

"Mama Lugano, litakuunguza," alisema Subilaga.

"Najua joto linavyoanza."

Likaanza. Subilaga, aliyesimama karibu yake, aliliona likifika kwa namna vidole vyake vilivyojinyoosha. Na mwanamke yule ambaye hakulia jikoni, na mbele ya baraza aliivuta sauti yake isikatike, sasa alilia kwa sauti ambayo watu walioisikia hawakuisahau.

"Lilikuwa hapa," alisema. "Siku ile nilipokuja kukuomba, lilikuwa hapa hapa."

"Lilikuwepo, Mama Lugano," akajibu Subilaga, akaweka mkono wake kando ya ule wa mwenzake, na hakuuondoa hata ulipoanza kuuma.